Dawa ya Ugonjwa Mwingine

Mama mdogo wangu wa Mpemba, karibu na Tunduma, alipougua mkanda wa jeshi, malengelenge yalikauka kwa wiki tatu na ngozi ikarudi, lakini maumivu yaligoma kuondoka. Yalibaki ubavu wa kushoto, yanachoma kama kaa la moto, na nguo ikigusa hapo anashtuka. Kanga akawa anaifunga kwa mbali na kuishikilia kwa mkono isimlalie. Miezi minne alikunywa parasetamoli na diklofenaki mpaka tumbo likaanza kumkata. Ndipo mwanawe, dereva wa lori, akapiga simu kutoka Kapiri Mposhi, Zambia: kuna mzee amesafiri naye, alikuwa na maumivu ya namna hiyohiyo, na kilichomsaidia ni vidonge vidogo vinavyoitwa amitriptilini.

Tulikwenda naye kituo cha afya asubuhi. Tabibu aliyekuwa zamu alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia, akamsikiliza bila kumkatiza, akamtazama ubavu. Nilipotaja jina la dawa akaiweka kalamu mezani. "Mama, hiyo tunawapa wagonjwa wa akili. Kwa maumivu siwezi kukuandikia." Akavuta boksi kabatini, akakunjua kile kikaratasi chembamba cha maelezo, akamwonyesha kwa kidole mahali panapotaja kazi ya dawa. Paliandikwa sonona. Mkanda wa jeshi haukutajwa, wala maumivu ya aina yoyote. Mama mdogo akashukuru, tukatoka. Nje ya geti, kabla hatujapata bajaji, akaniuliza kwa sauti ya chini kama duka la pale mbele wanaweza kumuuzia bila cheti cha daktari.

Swali lile ndilo kiini cha jambo zima ninalotaka kulichambua. Tabibu hakudanganya, kikaratasi kinasema alichosema. Mgonjwa naye hakuwa mkorofi; anaumwa, na amesikia habari iliyo ya kweli. Kati yao pana pengo ambalo watu wengi wa Songwe hulivuka peke yao, kupitia dukani, bila mtu wa kuwaangalia.

Tuanze na hicho kikaratasi. Dawa haizaliwi na kazi moja. Anayeipa kazi kwa maandishi ni mwenye kiwanda, siku anapoomba usajili. Kwetu maombi hayo yanapelekwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019. Kampuni inaleta majaribio yake na kusema dawa hii ni ya ugonjwa huu, kwa watu wa umri huu, kwa kipimo hiki. Mamlaka inakagua yaliyoletwa. Daktari akiiandika kwa ugonjwa mwingine, au kwa mtoto ilhali kikaratasi kinataja watu wazima tu, au kwa kipimo tofauti, anakuwa ametoka nje ya usajili. Kwa hilo peke yake hajavunja sheria. Usajili unamfunga kwanza kiwanda na mawakala wake, wasitangaze kazi ambayo hawakuithibitisha. Daktari anajibu kwa taaluma yake, mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika: je, alikuwa na sababu ya kitabibu, na je, mgonjwa alielewa anapewa nini? Hata Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, ambalo ni la mwaka 1964 na limerekebishwa mara kadhaa, linamruhusu daktari kutumia tiba ambayo haijathibitishwa pale zilizothibitishwa zimeshindwa, kwa ridhaa ya mgonjwa na baada ya kushauriana na wajuzi.

Kikaratasi kikinyamaza juu ya ugonjwa wako, ukimya huo unaweza kuwa na maana tofauti kabisa. Pengine hakuna aliyewahi kupima. Pengine wamepima, dawa inafanya kazi, lakini hakuna wa kulipia gharama za kurudi kwa mamlaka kuongeza mstari mmoja. Au wamepima na ikaonekana haisaidii, au inaua. Tabibu wetu alipousoma ule mstari wa sonona hakuwa na namna ya kujua yuko mbele ya ukimya upi. Amitriptilini ni dawa ya miaka ya 1960 mwanzoni. Haki ya kuimiliki iliisha zamani, inatengenezwa na viwanda chungu nzima, bei yake ni ndogo, na mwenye kiwanda hana faida ya kugharimia majaribio mapya ili tu aandike neno "mishipa ya fahamu". Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya matibabu kule, mwaka 2013 iliiweka miongoni mwa dawa za kuanza nazo kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, huku vikaratasi vya huko huko Uingereza wakati ule bado havikuitaja kazi hiyo. Mwongozo ulisema ndiyo, boksi likabaki kimya.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote uko hapa nchini, na nashangaa haukumbukwi zaidi. Misoprostoli ilisajiliwa Marekani mwaka 1988 kwa jina la Cytotec, kazi yake kuwakinga vidonda vya tumbo watu wanaotumia dawa za maumivu kama diklofenaki. Wakunga na madaktari wakagundua inakaza mji wa mimba. Agosti 2000 kampuni yenyewe, Searle, ikawaandikia madaktari wa Marekani barua ya onyo wasiitumie kwa wajawazito. Miaka michache baadaye, mkoani Kigoma, Dakta Godfrey Mbaruku na wenzake akina Ndola Prata wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley waliwafundisha wakunga wa jadi kuitumia dawa hiyohiyo kuzuia mama asife kwa kutokwa damu baada ya kujifungua nyumbani, mbali na hospitali. Tatizo lilikuwa kipimo: mkunga wa kijijini atajuaje damu imezidi? Jibu lilikuwa kiunoni mwa kila mwanamke. Walipima kanga inabeba damu kiasi gani, wakakubaliana kwamba zikilowa mbili, muda wa kusubiri umekwisha: vidonge vitano vya maikrogramu 200 viingizwe njia ya haja kubwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Akina mama waliohitaji kukimbizwa hospitali walikuwa wachache mno kulinganisha na eneo ambalo dawa haikupelekwa. Tanzania ikaisajili kwa kazi hiyo, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani nalo likaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya kuzuia damu ya uzazi.

Wale wakunga hawakuwa wanabahatisha. Walikuwa na kipimo cha kuanza, walikuwa na idadi ya vidonge, walikuwa na mtu aliyeandika kilichotokea. Nitalirudia hili baadaye, kwa sababu ndilo linalotenganisha Kigoma na duka la pembeni ya geti.

Haidroksiyurea nayo ina safari ndefu. Ilikuwa dawa ya saratani ya damu tangu miaka ya 1960. Mwaka 1998 Marekani iliikubali kwa watu wazima wenye selimundu. Watoto walisubiri hadi mwishoni mwa 2017. Kwetu, ambako inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, swali halikuwa la kikaratasi peke yake. Madaktari wengi walihofia kwa nia njema: dawa hii inabana uboho wa mifupa, je, mtoto wa pwani au wa bonde la Momba, anayeumwa na mbu kila usiku, hatazidiwa na malaria? Jibu lilikuja kutoka Afrika yenyewe. Jaribio lililoitwa REACH liliwafuata watoto zaidi ya 600 huko Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, na mwaka 2019 ikachapishwa kwamba vifo vilipungua, maumivu yalipungua, na malaria yenyewe ikashuka kwa takribani nusu. Leo mzazi akiingia kliniki na kuomba haidroksiyurea, ombi lake lina mgongo wa kuegemea. Miaka 20 iliyopita daktari aliyemkatalia alikuwa anakataa kwa haki.

Nataja pia letrozoli, kwa sababu inawagusa akina mama wengi wanaohangaika kupata mtoto na ambao hawasemi hadharani. Ni dawa ya saratani ya matiti. Mwanamke ambaye mayai yake hayapevuki, akiandikiwa letrozoli na kusoma kikaratasi usiku, anaweza kulia mpaka asubuhi akidhani amefichwa ugonjwa. Kumbe mwaka 2014 jaribio kubwa la Marekani lilionyesha kwamba wenye tatizo la vifuko vingi kwenye ovari waliotumia letrozoli walijifungua watoto hai kwa asilimia 27.5, dhidi ya asilimia 19.1 ya waliotumia klomifeni iliyozoeleka. Mwaka 2005 taarifa fupi iliyosomwa mkutanoni Canada ilizua hofu ya kasoro kwa watoto; utafiti mkubwa zaidi wa mwaka uliofuata haukuithibitisha hofu hiyo. India iliipiga marufuku kwa kazi hii mwaka 2011, ikaja kuifungulia mwaka 2017. Daktari anayeandika letrozoli bila kumweleza mama kwamba kikaratasi kitasema saratani, kwa maoni yangu, amemtendea vibaya hata kama dawa ni sahihi.

Watoto ndio wanaoishi nje ya usajili kuliko watu wote, maana dawa nyingi hazikuwahi kujaribiwa kwao. Mama wa Tunduma anayegawa tembe kwa wembe, robo leo na robo kesho, yuko nje ya usajili bila kulijua neno lenyewe. Hata malaria, ugonjwa tulioishi nao tangu mababu: mtoto mchanga wa chini ya kilo nne na nusu hakuwa na dawa ya mseto iliyosajiliwa kwa uzito wake hadi Julai 2025, Uswisi ilipoidhinisha Coartem ya vichanga, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoshiriki tathmini hiyo. Kabla ya hapo wauguzi walikadiria kutoka dawa ya watoto wakubwa.

Sasa upande wa pili, ambao wanaowashawishi madaktari waandike dawa nje ya usajili huwa hawautaji.

Sildenafili inajulikana kila mtaa kwa kazi yake ya mwaka 1998, ya nguvu za kiume. Mwaka 2005 ilisajiliwa pia kwa watu wazima wenye shinikizo la mishipa ya damu ya mapafu. Watoto waliozaliwa na kasoro za moyo nao wakaanza kupewa. Fikiria mama anayerudi kutoka kliniki ya moyo Dar es Salaam, anafika duka la dawa lenye foleni ya wanaume, anampa muuzaji karatasi yenye jina hilo na kusema ni ya mwanangu wa miezi saba. Aibu anayoibeba hakuna aliyempangia dozi yake. Ulaya iliikubali kwa watoto wa mwaka mmoja na kuendelea mwaka 2011. Mwaka 2012 Marekani ikatoa onyo dhidi ya kuwapa watoto, hasa kwa vipimo vikubwa, halafu mwaka 2014 ikafafanua kwamba haikumaanisha marufuku. Kwa mtoto yule ni dawa ya kumwezesha kupumua. Lakini Uholanzi, katika jaribio la kuwapa sildenafili wajawazito ambao watoto wao hawakui tumboni, watafiti walilazimika kusimama Julai 2018. Watoto 17 wa kundi lililopewa dawa walipata matatizo ya mapafu, na 11 kati yao wakafariki. Wazo lilikuwa zuri: dawa inafungua mishipa, kondo la nyuma litapata damu. Akina mama walikubali kwa matumaini. Kidonge ni kilekile.

Na ivamektini. Watu wa Ileje wanaifahamu kuliko watu wa Dar es Salaam, kwa sababu Ileje imo kwenye ukanda wa usubi pamoja na Rungwe na Kyela. Merck ilianza kuitoa bure mwaka 1987, na mgawaji dawa wa kijiji huja na fimbo ya kupimia kimo, akakuhesabia vidonge kwa urefu wako. Ni dawa iliyookoa macho ya watu. Ilipokuja Uviko-19, sifa hiyo nzuri ikageuka mtego: inayoua minyoo ya usubi itashindwaje na kirusi? Machi 2021 Shirika la Afya Duniani likasema isitumike kwa Uviko nje ya majaribio; Julai mwaka huohuo andiko moja la Misri lililokuwa limeinyanyua sana likaondolewa kwa mashaka juu ya takwimu zake. Usalama wa dawa katika ugonjwa mmoja haukuwa ushahidi wa uwezo wake katika mwingine.

Wapo pia madaktari wanaoandika upesi kupita kiasi, na si kwa sababu ya mgonjwa. Gabapentini ilisajiliwa Marekani mwaka 1993 kwa kifafa. Mawakala wa kampuni iliyoitengeneza wakaisukuma kwa madaktari kwa kila namna ya maumivu na maradhi ya akili, mpaka mwanasayansi wao mmoja, David Franklin, akafichua, na mwaka 2004 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 430. Nakumbusha hili kwa sababu kalenda na kalamu za kampuni za dawa zipo pia kwenye meza za Mbeya na Vwawa. Mgonjwa ana haki ya kuuliza wazo hili limetoka wapi.

Turudi Tunduma. Nimesikia watu wakisema madaktari wa huku ni waoga. Sikubaliani. Mazingira yao ndiyo yanayowafunga. Mwongozo wa taifa wa matibabu umegawa dawa kwa herufi: A ya zahanati, B ya kituo cha afya, C ya hospitali ya wilaya, D ya hospitali ya rufaa ya mkoa, S ya bingwa. Tabibu wa kituo cha afya akivuka herufi yake, dawa huenda haipo stoo, na hata ikiwepo, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya unaweza kuikataa fomu, hasara ikarudi kwa kituo. Mkoa wenyewe wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Vwawa, na ya kanda iko Mbeya mjini, zaidi ya kilomita 100 kutoka mpakani. Bingwa wa kumuuliza hayuko chumba cha pili. Kisha kuna vipimo. Haidroksiyurea bila kipimo cha picha nzima ya damu kila baada ya muda ni hatari. Daktari mwaminifu anayejua mgonjwa wake atarudi kijijini Ivuna na asionekane tena miezi mitatu, ana sababu ya kusita ambayo haihusiani na uoga.

Lakini Tunduma ina jambo moja ambalo Njombe au Singida hazina kwa kiasi hiki. Huu ni mpaka. Malori yanapanga foleni kilomita kadhaa kuingia kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019, na pembeni yake watu wanavuka kwa miguu kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kununua sabuni, vitenge, mafuta ya kupikia, na kurudi kabla chai haijapoa. Shilingi na kwacha vinabadilishwa kando ya barabara. Dereva anaweza kuwa na dawa ya Lusaka, ya Lubumbashi na ya Kariakoo ndani ya begi moja. Kwa hiyo mgonjwa akiambiwa hapana, mara nyingi haishii bila dawa. Anaipata. Anachokikosa ni mtu wa kumwambia aanze na nusu, asichanganye na ile ya presha, na arudi lini. Mtoto wa kike anayemeza dawa za mzio aongezeke mwili, bibi anayepaka krimu yenye steroidi aung'arishe uso, wote wako nje ya usajili, na hakuna cheti hata kimoja kati yao.

Hapo ndipo nilipo mimi katika hoja hii. Ombi la dawa nje ya usajili ni afadhali lisemwe ndani ya chumba cha daktari, hata kwa ubishi, kuliko lipelekwe kimyakimya dukani. Na hapana ya daktari inabeba wajibu wa kueleza sababu, kwa kuwa hapana isiyo na sababu katika mji huu ni sawa na kumwonyesha mtu njia ya mpakani.

Basi mtu aingieje kwa daktari kuomba dawa ya namna hii? Wengi husema amshawishi, lakini neno kushawishi lenyewe linapotosha. Daktari akishindwa kwa maneno, kwa machozi, au kwa simu ya ndugu mwenye cheo, ameandika dawa asiyoiamini, na dawa ya namna hiyo hufuatiliwa kwa ulegevu. Kinachosaidia ni kumpunguzia daktari giza. Mara nyingi anakutana nawe kwa dakika saba, hajui ulitumia nini, hajui una nini kingine mwilini.

Safari ya pili na mama mdogo tulikwenda hospitali kubwa zaidi, na tulijiandaa. Kwenye daftari la shule la kurasa 48 tuliandika kwa wiki mbili: tarehe, ameamka mara ngapi usiku, amekunywa nini, kimesaidia kwa saa ngapi. Dawa zake zote, pamoja na ya presha na mizizi aliyopewa na jirani, tulizitia kwenye mfuko wa rambo, tukazimwaga mezani. Mizizi aliificha mpaka dakika ya mwisho. Nilimwambia hiyo ndiyo ya kwanza kuonyesha. Sikuanza na jina la dawa. Nilimwacha aeleze maumivu mwenyewe, kwa maneno yake, namna kanga inavyomchoma. Daktari alipomaliza kumpima nikasema, "Daktari, tumesikia amitriptilini huwa inatumika kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, ingawa kikaratasi kinasema sonona. Kwa hali ya mama, kuna sababu ya kumzuia?"

Swali la namna hiyo linamwachia daktari kazi yake. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza yeye. Mama, ukiinuka ghafla unaona kizunguzungu? Macho yamewahi kupimwa presha? Kuna siku moyo unakwenda mbio? Choo kinapita vizuri? Kila swali lilikuwa na sababu: dawa hii inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kumwangusha mzee anayeamka usiku, kufunga choo, kumdhuru mwenye glaukoma. Akaagiza kipimo cha umeme wa moyo. Ndipo akasema tuanze na nusu ya kidonge cha miligramu 25, saa moja kabla ya kulala, na turudi baada ya wiki mbili. Akaongeza kitu ambacho tulikuwa hatujauliza: akiona mambo fulani, aache mara moja na arudi bila kusubiri tarehe. Yote akayaandika kwenye faili, pamoja na sababu ya kuchagua dawa hiyo.

Linganisha na Kigoma: kipimo cha kuanza, kiasi cha dawa, mtu wa kuandika matokeo. Kwa mwenye ugonjwa mzito zaidi kuna mengine ya kuomba. Hospitali zina kamati za dawa na tiba. Daktari aliye peke yake anaweza kulipeleka swali huko, na mgonjwa anaweza kumwomba alipeleke. Kuna rufaa, na mtu asione haya kuiomba: "Daktari, kama hili liko juu ya kituo hiki, niandikie niende Vwawa au Mbeya." Kuna fomu ya njano ya TMDA ya kuripoti madhara ya dawa, ambayo wengi huijaza pale tu mtu anapokaribia kufa; kwa dawa inayotumika nje ya usajili ingefaa ijazwe hata kwa vipele. Na kuna swali la pesa, liulizwe mapema: bima ikikataa, miezi sita itagharimu kiasi gani? Dawa inayoanzwa kwa mkopo wa kikoba na kukatishwa mwezi wa pili ni mateso juu ya mateso.

Daktari anaweza bado kusema hapana. Uliza angehitaji kuona nini ili abadilishe mawazo. Akijibu kwamba ni kipimo fulani, au andiko, au maoni ya bingwa, mazungumzo hayajafa. Akijibu kwamba dawa hiyo imeshapimwa kwa ugonjwa wako na ikadhuru, kama ilivyokuwa kwa wale wajawazito wa Uholanzi, mshukuru na uiache, na usivuke mpaka kuitafuta. Mgonjwa mjamzito, mwenye ini au figo dhaifu, au anayetumia dawa za kifua kikuu na ARV, ambao kwenye mji wa madereva na wafanyabiashara ni wengi, aongeze tahadhari maradufu, kwa kuwa dawa hizo hugongana na nyingine nyingi.

Usiku wa kwanza mama mdogo aliweka kidonge juu ya kifuniko cha kopo la Blue Band, akakikata kwa wembe mpya. Kilipasuka, kipande kikubwa na kidogo. Akanitazama. Nikamwambia ameze kidogo. Siku ya nne alilalamika kinywa kukauka kama amekula unga mkavu. Siku ya tisa kwenye daftari pana mstari wa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa zimepinda: NIMEAMKA MARA MOJA. Maumivu hayakwisha. Yalipungua mpaka akaweza kufunga kanga kama wanawake wengine.

Hospitali ilitupa barua ya kurudisha huduma kituo cha afya, ili asipande basi kila mwezi. Tabibu ni yuleyule. Aliisoma barua taratibu, akairudia sehemu ya kipimo, akatoa daftari dogo mfukoni mwa koti na kunakili: jina la dawa, nusu ya 25, usiku, moyo kwanza, macho, wiki mbili. Kisha akainua kichwa. "Shikamoo mama, naona unaendelea. Kinywa kinakauka?"